Mkono Mtulivu wa Mwalimu wa Fizikia

Jumapili saa nne asubuhi mwalimu wa fizikia alikuwa peke yake maabara, amevua viatu, anakunja waya wa shaba. Alikuwa ameshaupa milima miwili na bonde moja, na sasa alitafuta kona ya mwisho, ile ya kuwakomesha kidato cha pili. Ncha mbili za waya zilisimama kwenye kipande cha mbao. Chini yake palikuwa na betri mbili za tochi, balbu ndogo, na kengele aliyoing'oa kwenye saa mbovu ya mezani. Mchezo wenyewe hauna siri. Unashika pete ya waya yenye mpini, unaipitisha kwenye ule waya uliopinda toka mwanzo hadi mwisho, na pete ikigusa tu, sakiti inafunga, balbu inawaka, kengele inalia, unaanza upya. Mtoto akicheza mara mbili hahitaji tena kuelezwa sakiti ni nini.

Alikuwa na furaha, na hapo ndipo alipoharibu. Alichukua multimita, ile mita ya kupimia umeme, moja tu iliyokuwapo shuleni na haijamaliza hata mwezi, akapima betri zake. Kisha, kwa udadisi usio na kazi, akachomeka nyaya zake kwenye soketi ya ukutani bila kugeuza swichi ya kuchagulia kipimo. Mita ikalia pa! ikatoa moshi wenye harufu ya nywele zilizoungua, ikafa. Ni kosa ambalo yeye mwenyewe huwakataza watoto kila muhula. Aliipangusa masizi, akairudisha kwenye boksi lake, akalirudisha boksi kabatini, akavaa viatu. Alijiambia Jumatatu atasema.

Jumatatu mwalimu wa kemia alifungua boksi akaikuta imeungua. Funguo za kabati walikuwa nazo watu watatu: hawa walimu wawili, na mtunza maabara, ambaye wanafunzi walimwita Mama Chupa kwa sababu alikuwa ameosha chupa za shule ile kwa miaka ishirini na sita. Aliziosha hata wakati mwalimu wa fizikia mwenyewe alipokuwa mwanafunzi pale, na siku alipovunja chupa akajikata, ndiye aliyemfunga kidole kwa kitambaa chake cha kichwani.

Mkuu wa shule aliwaita wote watatu ofisini. Aliuliza mara moja, wakakana mmoja mmoja. Mwalimu wa fizikia alikana wa kwanza, upesi, kama mtoto anayeitika jina lake darasani. Mkuu akautazama ule mchezo, ambao mwalimu alikuwa amekuja nao kuuombea ruhusa.

"Na hiki ni nini?"

"Ni mchezo, mkuu. Unapima kama mkono umetulia."

"Basi tusipoteze muda. Mtu aliyefanya kosa mkono wake hauwezi kutulia. Kila mmoja apitishe."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kwamba kile kidude hakijui kosa wala mkosaji, kinajua tu kwamba shaba imegusa shaba. Mwalimu wa fizikia aliiona nafasi ile vizuri kabisa, akaiacha ipite.

Mwalimu wa kemia aligusa mara mbili, mkuu akasema si mbaya. Mama Chupa akaishika pete kwa mikono miwili. Kengele ililia toka mlima wa kwanza hadi kona ya mwisho bila kupumzika, na balbu ikawaka moja kwa moja kama ya barazani.

"Huu mkono una miaka sita unatetemeka, mkuu," alisema. "Hata chai hapa mnanijazia nusu."

"Nimekusikia, mama. Mwalimu, zamu yako."

Mwalimu wa fizikia aliamua kugusa. Aliona ndiyo njia nyepesi: kengele ilie, yeye ainamishe kichwa, mambo yaishe bila kutamka neno. Akaigusisha pete kwenye waya palepale mwanzoni. Kimya. Akaikandamiza. Kimya. Akaiburuta juu ya shaba mpaka mwisho, mkwaruzo wake ukasikika ofisi nzima, na balbu haikuwaka wala kengele haikulia.

"Mkono umetulia sana," alisema mkuu, akaandika.

"Imegusa, mkuu. Nimeigusisha mwenyewe."

"Ingegusa ingelia. Si wewe uliyeitengeneza?"

Mwalimu alifungua mdomo aendelee. Aibu ikamshinda, akaiweka pete mezani. Mama Chupa alikabidhi funguo kabla ya kengele ya chakula cha mchana. Barua yake ya kuachishwa kazi ilisema uzembe.

Tangu siku ile umeme ukawa unamkwepa mwalimu. Kwanza vilikuwa vitu alivyovishika tu: swichi, simu, tochi. Wiki ya tatu, taa ya chumba alichoingia ilizimika, ikawaka akitoka. Mkewe alilipokea jambo lile kama wake wengine wanavyopokea mume anayekoroma.

"Baba watoto, hebu kaa nje kidogo nimalizie kupiga pasi. Hata mjomba wangu mmoja alikuwa hivyohivyo."

"Alipona?"

"Hakuna aliyemuuliza alikuwa amefanya nini, akazeeka hivyohivyo. Sogea mpaka pale kwenye ndoo, pasi bado inapoa."

Shuleni waliona faida. Waya wa nguzo ulipokatika ukaangukia uzio, hawakumngoja fundi. Walimwita mwalimu wa fizikia, akauokota mkono mtupu, akauviringisha kama kamba ya kuanikia nguo, watoto wakapiga makofi. Mkuu alimtaja kwenye mkutano wa wazazi kuwa ni mfano wa utulivu. Vipindi vyake alifundishia nje, kichwa dirishani, ili balbu za wanafunzi ndani ziweze kuwaka. Kidato cha pili walifaulu sakiti wote, kasoro wawili.

Makofi yale yalimuumiza kuliko matusi. Jumamosi moja mchana akaenda kwa Mama Chupa, na njia nzima alikuwa anajisomea maneno ya kusema. Yalikuwa machache: ni mimi, nisamehe, Jumatatu nakwenda kwa mkuu. Alipoingia, redio iliyokuwa inasoma taarifa ya habari ikakatika katikati ya sentensi.

"Ni wewe," alisema Mama Chupa bila kuinua macho. "Karibu. Ila kaa hapo kizingitini, nimalizie habari."

Akakaa kizingitini. Redio ikarudi. Wakasikiliza hali ya hewa na matokeo ya mpira, kisha mama akaizima kwa kidole kinachotetemeka.

"Haya, mwanangu. Umekuja kusema nini?"

"Nimekuja kukujulia hali, mama."

"Hali ndiyo hii."

Alikuwa ameshika kikombe cha chai, amekijaza nusu mwenyewe. Alikunywa, akakiweka chini kwa uangalifu.

"Hata siku ile ya kidole uliniambia umejigonga mlangoni," alisema. "Kipande cha chupa nilikitoa mimi."

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Akaaga, na mama akamwambia asalimie nyumbani.

Mwezi uliofuata walikuja watu watano kuomba kazi ya mtunza maabara. Mkuu alikuwa ameukaza ule mchezo mezani kwake kwa skrubu, akaagiza kila mwombaji apitishe pete kwanza, vyeti baadaye. Mwalimu wa fizikia alitiwa kwenye kamati kwa utaalamu wake, na kwa hali yake kazi yake kwenye kamati ikawa kusimama koridoni na kuita majina.

Wa kwanza alipita. Wa pili alikuwa mama wa makamo, na kengele ilimlilia mara nne. Alitoka na bahasha ya vyeti ikiwa bado imefungwa, akafunga mlango polepole, akasimama mbele ya mwalimu.

"Samahani, mwalimu. Wanasema wewe ndiye uliyekitengeneza. Hiki kidude kinapima nini hasa?"

Wengine watatu walikuwa wamekaa mbali, kwenye benchi la mwisho wa koridoni, na mkuu alikuwa nyuma ya mlango mzito. Mwalimu alikuwa na jibu lote, toka betri hadi kengele, toka soketi ya ukutani hadi barua ya uzembe.

"Kinapima utulivu wa mkono," alisema.

Yule mama aliutazama mkono wake, akaugeuza kiganja juu, akaugeuza kiganja chini.

"Kumbe," alisema. "Na mimi siku zote nilidhani wangu ni mzima."

Akamshukuru kwa adabu, akashuka ngazi. Mwalimu alingoja mpaka hatua zake zisisikike tena, kisha akamwita anayefuata.