Mkupuo wa Kwanza au wa Pili

Msimamizi wa chumba cha kulia alikuwa ameweka meza ndogo kwenye ujia, karibu na mlango, na kila familia iliyopanda melini ilisimama mbele yake kujibu swali moja. Mtakula chakula cha jioni mkupuo wa kwanza, saa kumi na mbili, au wa pili, saa mbili? Wengine walibishana hadi mstari ukakwama. Mume na mke mmoja walinuniana palepale. Familia ya Mzee Hamira haikubishana hata kidogo, na tatizo lao lilianzia hapo.

"Tutagawana," alisema Sista.

Sista alikuwa binti yake mkubwa, muuguzi msimamizi wa wodi ya wazazi, na kwa jinsi alivyokuwa hodari wa kupanga zamu, hata nyumbani walimwita kwa jina la kazini. Aliwatazama ndugu zake mara moja, kama mtu anayepita kati ya vitanda.

"Baba na watoto mkupuo wa kwanza, maana saa mbili baba huwa keshaanza kukoroma. Wifi awasaidie leo. Mimi, Dereva na mama mgeni wetu tutakula wa pili, kwa utulivu. Kesho Dereva akae na watoto wake, wifi apumzike."

Dereva, mdogo wake, mtu wa malori ya safari ndefu, aliitikia kwa kichwa. Mkewe alishukuru. Wajukuu watatu hawakuulizwa.

"Umepanga vizuri, mwanangu," alisema Mzee Hamira, na hakuwa anasema tu. Aliona mgeni amepewa heshima yake, amewekwa na watu wazima, mbali na vidole vyenye mchuzi.

Mgeni mwenyewe aliuchukua mkoba wake akaenda kutafuta chumba chake.

Mzee Hamira alikuwa mwoka mikate. Maisha yake yote aliwasha tanuri wakati watu wengine wanageukia ubavu wa pili, na hata alipomwachia mpwa wake tanuri hilo, mwili ulikataa kustaafu. Jua likizama, naye anazama. Marehemu mkewe alikuwa akishinda dukani akiuza mikate hadi jioni. Sista alipokua akaingia zamu za hospitali, Dereva akaingia barabarani. Katika nyumba ile chakula kilipikwa mara moja na kuliwa mara nne. Kila mtu alifunua sahani yake kwa wakati wake, akala, akaiosha, akahakikisha ya mwenzake imefunikwa vizuri. Hawakuwahi kuona kwamba kuna kitu kimepungua. Walipendana, na kufunikiana sahani ndiyo ilikuwa namna yao ya kusema hivyo.

Na huyo mgeni alikuwa Mama Pindo, fundi cherehani, mjane, ambaye chumba chake cha kazi kilitazamana na duka la mikate. Mzee Hamira alikuwa amemwomba amuoe. Hakuzunguka mbuyu, alivuka barabara na kusema. Mama Pindo aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mshono ukafika mwisho, akakata uzi kwa meno, ndipo akajibu.

"Sikatai, na sikubali. Marehemu mume wangu alikuwa mlinzi wa usiku. Mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini nililishwa upweke mpaka nikawa napiga soga na kikopo cha chumvi. Nataka nikuone mezani, wewe na watoto wako. Hiyo safari mnayokwenda, nitakuja kwa nauli yangu. Tukishuka nchi kavu nitakupa jibu."

Basi watoto walijua wanasafiri kupumzika, na baba yao alijua anakwenda kutazamwa. Hakuwa na wasiwasi. Aliamini kwamba mtu akishakuwa na unga mzuri na moto wa kutosha, kinachobaki ni subira.

Jioni ya kwanza alikula kwa furaha. Aliugonga mkate kwa kidole, akausikiliza, akawaambia wajukuu, "Umetolewa mapema, lakini aliyeukanda ana mkono." Mjukuu mdogo alitumbukiza njegere kwenye glasi ya maji moja moja, aone zipi zinaelea. Mkwe wake alicheka mpaka akafuta machozi. Walipomaliza wakaenda kwenye sitaha kutazama maji, na huko ndiko ilikogundulika kwamba mdogo ana sandali moja tu.

Mzee Hamira alirudi kuitafuta chini ya meza. Alipokuwa anatoka nayo mkononi, watu wa mkupuo wa pili ndio walikuwa wanaingia, na mbele yao alikuwepo Mama Pindo, amevaa gauni la kijani alilolishona kwa ajili ya jioni hiyo.

"Chakula kizuri?" aliuliza.

"Kizuri sana. Usimwache samaki."

"Haya. Ulale salama."

Alipiga hatua mbili kisha akageuka. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomchoma Mzee Hamira.

"Unajua, na marehemu ilikuwa hivihivi. Mimi naingia na mboga, yeye anatoka na tochi. Tulikuwa tunapishana mlangoni kwa adabu kabisa."

Akaingia ndani.

Mzee Hamira alibaki amesimama na sandali ya mtoto. Alikuwa mtu wa polepole lakini hakuwa mzito wa kuelewa. Kwa mpango ule, yeye na mwanamke aliyemwomba waishi pamoja wangesafiri mpaka mwisho bila kula meza moja hata siku moja. Na yeye ndiye aliyeusifu mbele ya watu.

Alimwendea msimamizi akaomba kiti.

"Lakini mzee, wewe si umeshakula?"

"Nimekula. Sasa nakuja kukaa."

Alikaa kati ya Mama Pindo na Dereva, akanyoosha mgongo. Mchuzi wa mwanzo ulipokuja alikuwa macho, tena alisimulia kisa cha mteja aliyerudisha mkate akidai una matundu, watu wakacheka. Baada ya hapo sauti zilianza kumfikia kwa mbali. Kabla samaki hajafika, kidevu kilishatua kifuani.

"Mwacheni," alisema Dereva. "Injini imezimwa hiyo."

Mama Pindo alimtoa uma mkononi taratibu, akauweka mezani.

Alfajiri, Mzee Hamira alimkuta Sista kwenye sitaha na kikombe cha chai. Naye mwili wake ulikuwa na saa za hospitali.

"Nimeaibika?" aliuliza baba.

"Hujaaibika. Umekoroma kidogo tu. Mhudumu alidhani ni mtambo wa meli."

Mzee Hamira alikaa karibu naye. "Hebu nikumbushe. Mara ya mwisho sisi wote kula meza moja ilikuwa lini?"

Sista alifikiri. "Kwenye msiba wa mama."

"Msibani mimi nilikuwa nje na wanaume, na wewe ulikuwa jikoni."

"Basi harusi ya Dereva."

"Harusini ulitokea wodini umechelewa, ukakuta keki."

Sista alizungusha kikombe mikononi. "Baba, unanilaumu?"

"Kwa lipi? Zamu ndizo zilizowasomesha. Silaumu mtu. Lakini nimemwomba mwanamke aingie kwenye maisha yangu, na kitu cha kwanza tulichomfanyia ni kumpangia zamu."

Sista aliweka kikombe chini. "Kumbe ni kweli. Mimi nilikuwa nasema ni jirani tu. Dereva ndiye aliyesema, jirani gani huyo anayemshonea baba mashati kila mwezi."

"Dereva huona mbali, kazi yake hiyo."

"Ungetuambia."

"Ndiyo nakuambia."

Sista alikunja uso kidogo, na baba yake aliijua ile sura. Alikuwa ameshaanza kupanga. "Basi twende wote mkupuo wa pili. Watoto walale mchana, na wewe ulale mchana. Tutakuamsha."

"Hapana. Mwili wangu naujua. Nitamdanganya jioni moja, nitamdanganya mbili, akishaolewa agundue ameolewa na gunia. Twende wa kwanza. Na nitawaambia mimi, wewe pumzika."

Sista alitaka kusema kitu, akakimeza pamoja na chai.

Msimamizi alikuwa na meza moja tu ya watu wanane katika mkupuo wa kwanza, ya duara, kando ya mlango wa jikoni. "Hakuna anayeitaka," alionya. "Mlango unapigapiga, joto linatoka."

"Nimekula karibu na tanuri tangu ujana," alisema Mzee Hamira. "Tupe hiyohiyo."

Kwa Dereva kulikuwa na mlima. "Saa kumi na mbili, baba? Jua linawaka? Hicho si chakula cha jioni, ni cha mchana kilichochelewa."

"Wewe barabarani unakula saa tisa alasiri na kukiita kifungua kinywa," alisema mkewe.

"Haya, nimeshaanza kuanikwa."

"Sikiliza, mwanangu," alisema Mzee Hamira. "Sikuombi uipende saa. Nataka kumuoa Mama Pindo, na yeye anataka kutuona tukiwa pamoja. Hata tukigombana, tugombane tumekaa."

Dereva alimtazama dada yake, akamtazama mkewe, akaona wote wanajua. "Ungeanzia hapo. Kwa hilo nitakula hata alfajiri."

Alikuwa amebaki mmoja. Mzee Hamira alimkuta Mama Pindo kivulini, ana sindano na shati la abiria fulani ambaye alikuwa amemfahamu asubuhi hiyohiyo. Alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Jana nilikosea. Si kulala, kulala ndivyo nilivyo. Nilikosea pale nilipokubali tugawanywe. Saa mbili mimi hulala, na sitakuahidi kwamba nitabadilika, maana nitakuwa mwongo. Lakini kabla ya hapo mimi ni mzima, na nataka nile nawe kila jioni. Watoto nimewahamisha wote, watakuwa mkupuo wa kwanza. Wewe sikukuhamisha. Kiti chako cha mkupuo wa pili kipo vilevile, na huku kipo kingine. Utachagua."

Mama Pindo alipitisha sindano kwenye kitambaa. "Nimesikia," alisema.

Mzee Hamira hakumsukuma. Aliondoka akitembea wima.

Saa kumi na mbili walikuwa saba kwenye meza ya duara. Mlango wa jikoni ulipigapiga kweli. Jua lilikuwa bado madirishani, limewaangukia usoni, na familia nzima iligundua kwamba haijui kula pamoja. Walinyoosha mikono kwenye bakuli moja kwa wakati mmoja, wakaomba radhi, wakairudisha, bakuli likabaki peke yake. Sista alisimama kumpakulia kila mtu kama anayegawa dawa. Dereva alikula kwa mwendo wa mtu aliyeacha lori linanguruma nje, akamaliza, akachukua sahani yake akainuka.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Sista.

"Kuosha."

"Kuosha wapi, melini? Kaa."

"Nikae nifanye nini?"

Sista alifikiri kwa uaminifu. "Sijui. Watu hukaa."

Dereva alikaa, sahani bado mkononi. Mkewe aliinamisha kichwa mezani kwa kicheko. Mzee Hamira aliwatazama mmoja mmoja, na kila baada ya kuwatazama alitazama kiti kilichokuwa kitupu upande wake wa kulia. Samaki aliletwa. Aliwaambia wasimsubiri mtu, wale. Yeye mwenyewe hakumgusa huyo samaki.

Mama Pindo aliingia na gauni lile la kijani. Alisalimia, akavuta kiti, akakaa.

"Nimechelewa," alisema. "Nilisimama pale kwenye kioo cha mlango kwanza. Nilitaka kuona kama kweli mmekaa wote."

"Umetuonaje?" aliuliza Dereva.

"Nimeona mtu mzima amekumbatia sahani."

Hapo walicheka kweli, na kicheko kikaulegeza ule ukakamavu. Bakuli likazunguka. Sista alianza kusimulia habari za mama mmoja aliyejifungua mapacha huku akigombana na mumewe kwa simu, Dereva akamkatiza, akarudishiwa, mkewe akachukua upande wa Sista. Mama Pindo alimpakulia mzee samaki, naye akala.

Mjukuu mdogo alikuwa amemkodolea macho mgeni muda wote. "Bibi," aliuliza, "wewe ni nani wetu?"

Mlango wa jikoni ulipiga, ukatulia.

"Swali hilo," alisema Mama Pindo, "nilisema nitalijibu tukishuka nchi kavu." Alifuta vidole kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Lakini naona jibu ninalo tayari. Mwambie babu yako aniulize tena."

Mzee Hamira hakungoja kuambiwa. Aligeuza kiti chake amtazame vizuri, mbele ya watoto wake na wajukuu wake na wahudumu waliokuwa wanapita na sinia.

"Mama Pindo, utakubali nikuoe?"

"Nakubali. Ila harusi iwe asubuhi, bwana harusi awe macho."

Dereva alipiga meza kwa kiganja, glasi zikaruka. Sista alishafungua mdomo, "Basi nitapanga..." na watu watatu wakamwambia kwa pamoja akae, naye akakaa, machozi yakimlengalenga, akachukua kipande cha mkate ili apate cha kufanya.

Meza za pembeni zilianza kutandikwa upya kwa ajili ya mkupuo wa pili. Nje kulikuwa kumeingia kiza. Msimamizi alikuja akasimama kwa heshima, akasema kwamba kuna watu wanasubiri meza.

"Tunaondoka sasa hivi," alisema Mzee Hamira, akamwomba Mama Pindo ampitishie chumvi.