Mwizi wa Asubuhi

Waliomwita Msasa hawakumwonea. Ukigusana naye kwa maneno, lazima uchubuke. Asubuhi hiyo alikuwa amesimama kwenye dirisha la karakana ya rangi za magari, kopo mkononi, akilisubiri jua huku akilitukana. Nje giza la Januari, huku kaskazini, lilikuwa bado zito.

"Siku fupi kuliko zote si imeshapita?" alifoka peke yake. "Sasa giza hili la nani?"

Jibu alikuwa nalo tayari. La mdogo wake.

Baba yao alipofariki aliwaachia karakana moja, meza moja ya kuchanganyia rangi na dirisha moja kubwa. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana rangi ya gari hailinganishwi kwa taa. Taa ni mwongo. Utachanganya maruni mpaka roho itulie, ukilitoa gari nje, mlango mmoja umekuwa kahawia na mteja ameshaanza kelele. Na kwa kuwa ndugu hao hawakuwahi kukaa meza moja bila kurushiana maneno, mzee aliwagawia mwanga. Mkubwa atafanya kazi tangu jua kuchomoza hadi saa sita, mdogo tangu saa sita hadi jua kuzama, na saa ya ukutani ndiyo itakayoamua. Atakayeiba muda wa mwenzake atatoka na makopo yake, asirudi. Neno hilo mzee alimwachia dada yake alisimamie, akafa akiamini amegawa katikati kabisa.

Baridi hiyo mgawo ulianza kunuka. Jioni za mdogo mtu zilikuwa zimeanza kurefuka hata kabla ya ile siku fupi, na asubuhi za Msasa zilizidi kukatwa hata baada yake. Mwenye mabasi, mteja wake wa miaka yote, alichoka kuambiwa "subiri kupambazuke", akayapeleka mabasi yake zamu ya mchana. Iliuma. Tena ilimuuma zaidi kila alipokumbuka ni nani anayetia ufunguo saa ya ukutani kila wiki: mdogo mtu huyohuyo.

Ushahidi nao Msasa alikuwa nao. Kabla baridi haijaanza alipiga mstari mwekundu sakafuni, pale kivuli cha nguzo ya dirisha kilipolala saa ilipogonga sita. Sasa saa ikigonga, kivuli kilikuwa bado hakijaufikia mstari. Maana yake nini, kama si kwamba mtu anaisukuma saa mbele ili amtoe mwenzake mezani mapema? Msasa akamwita Shangazi.

Shangazi alifika karibu na saa sita, akaketi juu ya pipa la thina ya kuyeyushia rangi bila kulipangusa. Mdogo mtu akaingia nyuma yake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaka yako anasema umeiba muda."

"Sikusema ameiba," Msasa akadakia. "Nimesema ni mwizi. Tangu utoto ana mkono mrefu, ila sikujua unafika mpaka kwenye jua."

Shangazi alifungua mkoba, akatoa redio ndogo.

"Mimi mambo ya vivuli siyawezi," alisema. "Tusikilize."

Wakasikiliza matangazo ya sabuni. Kisha redio ikatoa mlio wa saa sita, na saa ya ukutani ikagonga papo hapo, sambamba. Wote watatu wakatazama sakafuni. Kivuli kilikuwa kimebakiza upana wa kiganja kuufikia mstari.

"Na redio nayo kaichezea," alisema Msasa, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha nguvu.

"Hebu nyamaza," Shangazi alimkata, akamgeukia mdogo mtu. "Wewe, sema."

"Saa haijachelewa wala haijatangulia, Shangazi. Jua ndilo limechelewa," alisema mdogo mtu. "Nilimuuliza mwalimu mmoja, mteja wangu mwenye gari la bluu. Dunia inajizungusha, na wakati huohuo inalizunguka jua. Majira haya iko karibu na jua kuliko kawaida, kwa hiyo inakwenda mbio. Tena imeinama. Ikimaliza kujizungusha, inakuta jua limesogea zaidi, inabidi ijizungushe kidogo tena ndipo jua lifike juu. Kila siku kidogo. Saa ya ukutani haiyajui hayo, inagonga tu. Basi mchana wote unasukumwa mbele, kuchomoza na kuzama. Siku zinarefuka kweli, ila nyongeza yote inaangukia jioni kwanza. Asubuhi zitafuata baadaye."

"Na ulikaa kimya unakula mwanga wangu!"

"Nilikuja wiki iliyopita. Nilitaka nikwambie uwe unakaa mezani hadi saa sita na nusu mpaka asubuhi zako zirudi. Sijafungua mdomo, ukanirushia kopo."

Ilikuwa kweli. Lilikuwa kopo la rangi ya fedha, na koti lake bado lilikuwa na madoa. Msasa aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Mdogo wake akaanza kukusanya makopo yake mezani.

"Ya nini hayo?" Shangazi aliuliza. "Neno la marehemu ni kwa mwizi. Wewe huna kosa, kaa."

"Shangazi, mstari huu aliupiga kabla ya baridi, kabla hajapoteza hata dakika moja. Alikuwa ameshaniona mwizi, akabaki kunitafutia kitu cha kuiba. Sasa nikae nifanye nini?"

Msasa alitaka kusema nisamehe. Alilitaka neno hilo kwa moyo wake wote, maana huyo ndiye ndugu pekee aliyekuwa naye. Lakini hakuwahi kulitumia, na kinywa chake kikaokota lililokuwa karibu.

"Na mabasi ya watu nani atayamaliza?"

Mdogo mtu alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. Akainua sanduku la makopo begani.

"Una siku nzima sasa, kaka," alisema. "Itumie."

Akatoka. Shangazi alizima redio, akairudisha mkobani na kumfuata, bila kumuaga Msasa.