Kibao cha Daktari Ottilie

Saa kumi alasiri Heidrun Wolters alikata keki ya matofaa vipande viwili, kimoja chake na kimoja cha Ottilie Brandes, mwanahisabati aliyefariki zamani na asiyependa krimu nyingi.

Nje, wasomi wengine marehemu walikuwa wameshaketi juani, kila mmoja chini ya kibao cha marumaru chenye jina lake, kwenye nyumba aliyofanyia kazi. Waliotoka sokoni walikwepa miguu yao. Ottilie alisikiliza ubishi dirishani, maana marehemu asiye na kibao haruhusiwi kuvuka kizingiti.

"Huyo mwanafalaki wa nyumba ya jirani anakosea," alisema. "Miaka yote anakosea, na mimi simfikii."

"Nitakutoa nje, Dokta. Utaota jua mpaka ulichoke."

Heidrun akavaa koti, akaenda kung'ang'ana na kamati ya vibao. Mwenyekiti, Bwana Tewes, alimkaribisha kahawa. Alieleza kwamba kibao hupewa yule ambaye jina lake lilichapishwa kwenye matangazo ya mihadhara.

"Hata yule msichana wa shaba, sanamu ya pale uwanjani, anamjua Ottilie," alisema Heidrun. "Alipopata shahada ya udaktari alikwenda kuibusu sanamu hiyo, kama wafanyavyo madaktari wenu wote. Na mihadhara aliitolea sebuleni kwangu. Tafuteni."

Wakatafuta, wakaipata yote. Enzi hizo mwanamke hakutangazwa, kwa hiyo ilichapishwa kwa jina la Profesa Lüders.

Kibao kikapigiliwa Alhamisi, tarumbeta zikilia: HAPA ALIFUNDISHA PROFESA LÜDERS. Heidrun alikasirika mpaka akaunguza keki.

Alasiri Lüders akafika akiulizia njia, kwani hakuwahi kukanyaga nyumba hiyo alipokuwa hai. Akaketi juani, kofia magotini, amejaa haya.

"Pole, Dokta," alisema kupitia dirisha. "Nimewaambia si mimi. Wamesema nina unyenyekevu."

"Kaa tu, Profesa. Ila mwambie jirani yako hesabu yake ina kasoro."

Lüders akamwambia. Mwanafalaki akauliza kasoro gani. Lüders akageukia dirisha, akasikiliza, akajibu neno kwa neno, na Ottilie akacheka kwa raha mpaka akashika mbavu. Jioni mwanafalaki alikubali kushindwa, akavua kofia na kumpongeza Lüders kwa akili yake.

Tangu hapo Heidrun hukata keki vipande vitatu. Cha Lüders hukikata chembamba.