Kofia ya Kupimia Ulezi

Shemeji yangu Nestory akishikilia jambo haliachi, na mwezi ule alikuwa ameishikilia kofia ya Mjerumani. Ni kofia ya nguo nzito, nyeusi tii kwa moshi, ndefu kama chungu. Babu wa marehemu baba mkwe wangu aliiokota Kasanga, Wajerumani walipokimbia vita, na tangu hapo hakuna kichwa kilichoivaa. Inaning'inia juu ya jiko huko kijijini. Binti wa nyumba ile akiolewa, anapimiwa mbegu ya ulezi kofia moja, basi. Wajomba husimama pale kuangalia isizidi.

Nestory aliwatumia picha watu wa makumbusho Dar es Salaam. Wakamjibu kwamba kofia ndefu namna ile hawajawahi kuiona, labda ni ya rubani, ailete waitazame. Neno “labda” hakulisikia. Kufikia Alhamisi, baa nzima ya mtaani kwetu Sumbawanga ilijua ukoo wake una kofia ya rubani, naye ameshakata tiketi ya basi la Jumatatu.

Akaniletea kibandani, mimi fundi cherehani, nizibe alipotafuna panya. Nyuma yake akaingia mama yake, yaani mama mkwe wangu, Bibi Winifrida. Nilimwamkia, nikampisha kwenye benchi.

“Nestory,” alisema, “itarudi kabla ya kumpimia Jenifa?”

Jenifa ndiye kitinda mimba wake, harusi ilikuwa imebakiza siku tisa.

“Mama, kitu cha makumbusho hakirudi kupima ulezi. Jenifa tutampimia kwa ndoo.”

Nilikasirika, lakini mbele ya mkwe mtu huchunga ulimi wake. Nikachukua brashi na maji ya sabuni, nikaanza kusugua ili nione mshono.

Masizi ya miaka mia yalitoka taratibu. Niliipindua kama inavyopimia ulezi; chini palikuwa na sufu ya kijivu, mshono wa mashine uliobana vizuri, na matundu mawili palipokaa beji. Juu ya hapo mashine iliishia. Palifuata mshono wa mkono na kipande cha pamba iliyofumwa hapa Ufipa, ile ya wazee, kabla ya vitambaa vya dukani. Kisha kaniki. Kisha kaki. Halafu kanga nyekundu yenye korosho, na hiyo niliijua. Mke wangu Fransiska anayo nusu yake nyumbani.

“Shemeji,” nikasema, “hii ni ya askari wa kawaida. Ilikuwa fupi. Mjerumani aliishia hapa.” Nikaweka kidole kwenye sufu.

“Na huku juu?”

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anaangalia barabara kwa makini sana, na barabarani hapakuwa na kitu. Nikaona aibu, nilikuwa nimemfichua mbele ya mwanawe.

“Wajomba walisema kofia moja,” alisema bila kugeuka. “Hawakusema ya ukubwa gani.”

Kisha akamgeukia Nestory.

“Mama mkwe wangu, bibi yako, ndiye aliyenionyesha. Binti akikaribia kuolewa, mama yake anashusha kofia, anaongeza kipande, anairudisha kwenye moshi. Cha Fransiska nilishona mimi.”

Nikakumbuka mwaka wetu wa kwanza wa ndoa. Tulipanda shamba lote, mbegu ikabaki, nami nikajisifu kwamba najua kupanda kwa nafasi. Miaka kumi na minane nimejisifu.

Nestory alianza kucheka polepole, akacheka mpaka akashikilia cherehani yangu. “Na rubani nimeshamtangaza baa nzima,” alisema. Akatoa tiketi mfukoni, akaitazama, akaenda stendi kuona kama watamrudishia nauli.

Alipotoka tu, mama mkwe akafungua ncha ya kitenge chake, akatoa kipande cha kitambaa cha kijani kilichokunjwa vizuri.

“Macho yangu hayaoni tena tundu la sindano,” alisema. “Ndiyo maana nilimfuata mpaka huku.”

“Niongeze kiasi gani, mama?”

Alilaza vidole vinne juu ya ukingo wa kofia, akafikiri, kisha akaongeza na dole gumba.

“Huyu ni wa mwisho,” alisema.