Mbili ya Kuazima

Mzee wa ubao wa matokeo alikuwa na masanduku mawili ya vibao. La wageni lilikuwa na namba sifuri hadi tisa. La timu ya taifa lilikuwa na sifuri na moja tu. Miaka ishirini ya mechi za kufuzu Kombe la Dunia, hazikuwahi kuhitajika nyingine.

Leo timu ya taifa ikafunga bao la pili. Uwanja ukalipuka. Mzee akaazima mbili ya wageni, akaitundika.

Wageni wakarudisha bao moja. Dakika ya tisini wakasawazisha.

Mzee akairudisha mbili kwa wageni, wenye nayo, akaturudishia moja yetu.

“Baba, ni sare!” mkwewe akapiga kelele kutoka chini ya ngazi.

“Vuta subira. Wakifunga la tatu, tutapata mbili yetu.”