Kiboko Haamkii

Levina aliweka sharti moja tu katika filamu yake: wanyama hawasemi. Vinyago hataki, mikia ya kushonea hataki. Mtu aingie majini na umbo alilopewa na Mungu, watazamaji waone kiboko. Na Ifakara nzima hakuna aliyejaliwa ukiboko kama Valentino, dereva wa bodaboda wa Viwanja Sitini, ambaye tumbo lake hufika kwa abiria kabla ya pikipiki.

Tabu ilikuwa njia. Dimbwi walilolichagua Michenga lilipakana na njia ya mashambani, na mpunga ulikuwa unaiva. Watu walipita kwenda kuamia ndege wasiumalize. Kila Valentino alipoibuka, masikio yakichezacheza, mzee huyo anapita.

"Shikamoo, baba!" kiboko akaropoka.

"Kata!" Levina akafoka. "Umeona wapi kiboko anaamkia?"

"Dada, inatoka yenyewe. Nimelelewa mimi."

"Basi na mguu wangu huu nao uonewe huruma," akalalama Eveline, aliyekuwa korongo, kasimama kwa mguu mmoja tangu asubuhi.

Telesphory, mpiga picha za harusi na mwenye kamera, alitazama jua. Bibi harusi alikuwa akimsubiri Mang'ula. "Hii ya mwisho, Levina. Ikiharibika, naondoka na kamera yangu."

Filamu bila kiboko ingebaki korongo na matope. Levina akamnyooshea Valentino kidole. "Ukisema neno, nakuzamisha."

Kiboko akazama. Akaibuka. Na njiani akatokea Bibi Marsiana, mkononi debe la kufukuzia ndege. Valentino akabana midomo mpaka mashavu yakavimba. Bibi akapita, akasita, akarudi.

"We Valentino mtoto wa Dorotea, umeota mapembe?"

Kiboko akapuliza mapovu.

"Bibi, huyo ni kiboko," Levina akanong'ona. "Kiboko haamkii."

"Ahaa!" Bibi akatua debe, akavunja fimbo kichakani. "Basi kiboko asiyeamkia, dawa yake kiboko."

Valentino akaitazama fimbo, akamtazama Levina. Akaachama mpaka kidakatonge kikaonekana, akanguruma kutoka chini kabisa ya tumbo: "Shhhkaaaa-mmmoooo!"

"Marahaba, mwanangu. Mpunga wangu usiuguse." Fimbo ikamgeukia Eveline. "Na huyu ndege?"

Korongo akajaribu kupiga goti kwa mguu wake mmoja, akatumbukia majini chubwi.

Levina akafumbua mdomo aseme "kata". Akageukia kamera. Telesphory alikuwa akitikisika kwa kicheko, lakini kamera ilitulia kwenye miguu yake mitatu, kitaa chekundu kinawaka. Sharti la Levina lilikuwa linaelea dimbwini pamoja na korongo, na yeye mwenyewe mbavu zilikuwa zinamuuma.

"Acha iende," akanong'ona.

"Na wewe binti uliyejibanza nyuma ya hicho kidude," bibi akasema, "kwenu hawaamkii?"

"Shikamoo, bibi," Levina akajibu, kisauti chembamba kama cha kifaranga.

Kisauti hicho kimo kwenye filamu mpaka leo. Viwanja Sitini bado wanabishana ni cha mnyama gani.