Probox ya Mabonga Inagonga

Tangu amzike mkewe Christabel, Mabonga alikuwa mtu wa neno moja: sawa. Ukimletea chai, sawa. Ukimwambia chai yenyewe haina sukari, sawa. Kwenye kikao cha ukoo kule Kimilili, wazee walikata maneno kwamba Linah, mtoto wake wa pekee, ahamie kwa nyanyake, eti mwanamume hawezi kulea msichana peke yake. Wakamgeukia wamuulize anaonaje. Akasema sawa, akaendelea kutazama viatu vyake. Sasa mtu kama huyo utamfanya nini?

Basi Jumamosi hiyo alikuwa anampeleka. Sanduku la mtoto lilikuwa kwenye buti ya gari lake la Probox, godoro limefungwa juu ya keria, na Linah ameketi kiti cha nyuma na sweta ya shule, ingawa shule yenyewe wameshamtoa. Walitoka kwao mtaani Pioneer. Gurudumu la nyuma lilikuwa linagonga, tok, tok, tok, na Mabonga alilisikia kama unavyosikia redio ya jirani.

Aliyemsimamisha ni Ooko, fundi mwenye kibanda kando ya barabara. Ndiye aliyemsaidia kuichagua ile Probox kwa mwenyewe wa kwanza, na hakuvumilia kuisikia ikipita hivyo. Akaruka mbele ya gari, mikono juu.

"Wewe Mabonga! Unaendesha gari ama unaburuta sufuria? Inalia tangu lini?"

"Sijui."

"Ukikata kona inazidi ama inapungua?"

"Sijui."

"Haki ya nani, wewe uko hapa kweli?"

"Ikienda pole inagonga," Linah akasema kutoka nyuma. "Ikikimbia, kiti changu kinatetemeka."

Ooko akamtazama yule mtoto, akamtazama na babake, akachukua jeki. Alisema ni beringi, hizi gari za mkono wa pili beringi ndizo hutangulia kufa. Akaliinua gurudumu, akalishika juu na chini, akalitikisa. Lilicheza kama jino la mtoto. Akakunja uso. Beringi haichezi hivyo. Akabandua kile kifuniko cha plastiki, na nati mbili zikaanguka mchangani. Mbili zilizobaki alizifungua kwa vidole.

"Nani alifunga hii kitu?" Ooko hakuwa anatania tena. "Nakuuliza, nani?"

Mabonga alikumbuka. Siku ya mazishi walipata pancha pale mjini Turbo, gari lenye jeneza likiwa limeshatangulia. Wajomba na mashemeji walishuka na suti zao, huyu ameshika jeki, yule spana, kila mtu anaharakisha mwenzake. Mtu akauliza, "Mabonga, nati ziko sawa?" Naye, akiwa ameshika picha ya marehemu, akajibu sawa. Mwenye gari akisema sawa, nani atainama kuhakikisha? Wakaweka kifuniko, wakaondoka.

Alingoja moyo umshtuke. Haukushtuka. Aliambiwa kwamba gurudumu lingechomoka wakiwa kwenye mteremko, na kwamba leo Mungu amemhurumia, akaitikia kwa kichwa. Ooko akakaza nati zote, akazikaza tena, akampiga bega.

"Haya, nendeni. Mtafika Kimilili vizuri."

Mabonga hakuingia garini. Aliinama kwenye dirisha la nyuma.

"Linah, kama ulikuwa unasikia, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia." Mtoto hakukasirika, na hapo ndipo palipouma. "Tukitoka mazishi nilikuambia. Tukienda kanisa nikakuambia. Hata jana. Ulisema sawa."

Hiyo ndiyo iliyompata. Jeneza halikumpata, kaburi halikumpata, nati hazikumpata. Mtoto wake alikuwa amekaa juu ya lile gurudumu siku zote hizo, anaongea peke yake.

"Unataka kwenda kwa Kukhu, nyanyako?"

Linah aliinua mabega. "Kwa Kukhu watu wanaongea. Wewe hata hujaniambia mama alisema nini hospitali."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo. Watu waliuliza bili, waliuliza jeneza.

"Aliuliza kama umekula," Mabonga akasema. "Aliuliza mara mbili. Nikamwambia ndiyo, amekula. Na mimi sikuwa najua, Linah. Nilisema tu."

Mtoto akafikiri. "Nilikuwa nimekula. Mama Kiptoo wa jirani alinipa chapati na maharagwe."

Ala! Mwanamume mzima akaketi chini kando ya barabara akalia kwa sauti, machozi na kamasi, pikipiki zikipunguza mwendo kumtazama. Ooko aligeuka akajifanya anafuta spana. Linah alishuka akasimama karibu naye, hajui aweke wapi mikono.

Alipoweza kuongea alimpigia mamake simu.

"Mama, msitungojee. Linah hahami. Tutakuja likizo, kukusalimia."

Mama akafoka kwamba kuku ameshachinjwa, kwamba wazee wameshaamua, kwamba yeye mwenyewe alikubali mbele ya watu wote.

"Nilikubali nikiwa sisikii kitu, Mama," alisema Mabonga. "Sasa nasikia."

Akakata simu, akamfungulia mtoto mlango wa mbele.

"Panda hapa," alimwambia. "Mamako alisema na mengine."